Mtoto anajuaje kuwa yeye ni yeye na wewe ni wewe? Mwongozo kwa anayelea, tangu siku ya kwanza mpaka miaka mitano

Hii naandikia wamama na wababa, na pia wale dada wa kazi na majajja (bibi na babu) ambao ndio hasa wanashinda na watoto mchana kutwa. Mimi niko Kasese, magharibi mwa Uganda, nalea watoto wadogo hapa nyumbani, wa kwangu na wa wenzangu ambao asubuhi wanaenda Mpondwe, mpakani na Kongo, kuuza wanarudi jioni, na maswali ninayoulizwa sana ni haya: "mbona huyu ni mchoyo hivi?", "mbona anadanganya na ana miaka mitatu tu?", "mbona mwenzake analia na yeye anamtazama tu kama hajali?" Jibu langu huwa ni moja, huyo mtoto hana roho mbaya, bado anajenga. Anajenga vitu viwili kwa pamoja, kwamba mimi ni mimi, na kwamba wewe una mawazo yako humo ndani ambayo mimi siyaoni. Inachukua kama miaka mitano, na sisi tunaokaa naye tunaweza kumsaidia au kumrudisha nyuma.

Utahitaji kioo, mkebe wa Blue Band uliokwisha, maharage kidogo, na muda. Muda ndio mgumu, najua.

Hatua ya 1: Mjibu, ata kama bado hana maneno

Mtoto anazaliwa tayari anaijua sauti ya mama yake, aliisikia tumboni, lakini hajui kwamba huo mkono unaopitapita mbele ya macho ni wake. Anajifunza kwa kujaribu. Analia, unakuja. Anatabasamu, unatabasamu. Anasema "aguu", na wewe unamrudishia "aguu" alafu unanyamaza kidogo umpe nafasi aseme tena. Kidogo kidogo anaona kwamba akifanya kitu kuna mtu anajibu, na "mimi" yake inaanzia hapo.

Mwaka 1978 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani anaitwa Edward Tronick na wenzake waliandika kuhusu jaribio fupi sana, mama anacheza na mtoto wa miezi michache kama kawaida, alafu ghafla anakaza uso, hacheki, haongei, anamtazama tu. Mtoto anajaribu kumrudisha, anatabasamu, anatazama pembeni, anamtazama tena, mwisho anageuza uso anakata tamaa. Ni dakika chache tu hizo. Tangu nijue hiyo habari najichunga sana na simu nikimshika mtoto. Sisemi uiache kabisa, mobile money ndio biashara yetu, lakini ukiona macho yake yanatafuta ya kwako, weka simu chini kwanza umjibu, mteja atasubiri.

Alafu kuna jambo la hapa hapa Uganda ambalo wengi hatulijui na mimi linanipa fahari kweli. Mwaka 1954 mama mmoja mtaalamu, Mary Ainsworth, alifika Kampala na mume wake, akaanza kuzunguka vijiji vya Buganda akitembelea familia 26 zenye watoto wachanga, anakaa nao nyumbani, anaangalia, anauliza kwa msaada wa mkalimani, anarudi tena baada ya wiki kadhaa. Aliyoyaona aliyachapisha 1967. Aliona jinsi mtoto anavyotambaa kwenda kuchunguza vitu, anageuka kumwangalia mama, anarudi kumgusa, anaenda tena, yaani mama ndio kambi yake. Na aliona jambo lingine, wale wamama waliokuwa wanaweza kumsimulia mtoto wao kwa undani, anapenda nini, kilio cha njaa kikoje na kilio cha kutaka kubebwa kikoje, watoto wao ndio walikuwa wametulia zaidi. Leo wanafunzi wa saikolojia dunia nzima wanasoma habari ya mtoto kushikamana na anayemlea, na sehemu kubwa ya habari hiyo ilianzia kwenye mikeka ya wamama wa Buganda.

Kwa hiyo fanya hivi: kila jioni msimulie mtu mambo matatu ambayo mtoto alifanya leo. Ukikosa matatu, kesho mwangalie zaidi. Na kama anashinda na dada, muulize dada, msikilize vizuri, usimuulize tu kama mtoto amekula.

Hatua ya 2: Mwite jina lake, na umwite vizuri

Karibu miezi mitano mtoto anaanza kulitambua jina lake kati ya maneno mengine. Kwetu Wakonzo wa kwanza akiwa mvulana ni Baluku, akiwa msichana ni Masika, wa pili ni Bwambale au Biira, yaani kabla ata hajasimama jina lake linamwambia yuko wapi kwenye mstari wa ndugu zake. Jirani zetu Watooro wana empaako, yaani jina la upendo na heshima, kina Abooki, Amooti, Akiiki na mengine, na mtu ukimsalimia bila kumtaja empaako yake ni kama hujamsalimia bado (UNESCO iliuweka huo utamaduni mwaka 2013 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na ni kweli unahitaji, vijana wengi wanauacha). Hizi sio mila za kupamba harusi. Mtoto anayeitwa jina lake kwa upole mara hamsini kwa siku anajifunza kwamba yuko, na yuko kwa watu.

Wenye mapacha nawaomba jambo moja, usiite "nyie mapacha njooni" kila saa. Wasswa ni Wasswa na Kato ni Kato. Kila mmoja mbebe peke yake mara moja kwa siku, ata dakika tano, uongee na huyo tu.

Na yale majina ya utani ya "kichwa" sijui "kabonge", tuyaache. Mtoto wa miaka miwili haelewi utani, anaelewa kwamba hilo ndilo jina lake.

Hatua ya 3: Fuata kidole chake

Kati ya miezi tisa na mwaka mmoja ataanza kuonyesha vitu kwa kidole. Ndege, boda imepita, mbuzi wa jirani. Hataki umpe huyo mbuzi, anataka na wewe umuone. Hiyo ni mara ya kwanza anakuambia "njoo tutazame kitu kimoja", kwa hiyo tazama kweli, sema "eeh, mbuzi! anakula majani", alafu mtazame usoni. Ni sekunde kumi. Usipitwe.

Hatua ya 4: Jaribu kioo, ila usikiamini sana

Subiri afikishe mwaka na nusu. Wakati unamfuta makamasi mpake jivu kidogo kwenye pua bila yeye kujua, mwache acheze kidogo, alafu muweke mbele ya kioo. Mtoto ambaye hajafika anamchekea yule mtoto wa kwenye kioo au anatafuta nyuma ya kioo. Aliyefika anagusa pua YAKE. Wengi waliopimwa Marekani na Ulaya wanafika kati ya miezi 18 na 24. Jaribio lenyewe mtafiti Gordon Gallup alilifanya kwa sokwe mwaka 1970, na Beulah Amsterdam akaandika la watoto mwaka 1972.

Sasa sikiliza hii. Mwaka 2011 watafiti walichapisha matokeo ya jaribio kama hilo kwa watoto wa vijijini Kenya, watoto 82, wenye miezi 18 mpaka 72, yaani mpaka miaka sita, na waliogusa alama ni wawili tu. Je, mtoto wa miaka sita wa Kenya hajijui? Haiwezekani, na watafiti wenyewe hawakusema hivyo. Wengi waliganda tu mbele ya kioo wakajitazama. Ukinilea mimi kwa adabu ya kwetu, mgeni akiniwekea kitu mbele sishiki mpaka niambiwe shika, na huyo mtoto hakujua hiyo alama ni makosa au ni mapenzi ya mgeni. Kwa hiyo mtoto wako akiganda usianze kuogopa. Angalia na mambo mengine: anaona haya akisifiwa mbele ya watu? Anajitaja jina, "Biira anataka"? Baadaye anasema "mimi nataka"? Hayo yote yanasema kitu kile kile.

Kipindi hiki hiki ndio aibu inaingia. Zamani akianguka watu wakacheka alikuwa anacheka nao, sasa anakimbia kujificha kwenye kitenge chako. Mfunike. Usimtoe kwa nguvu eti awasalimie wageni.

Hatua ya 5: Akisema "yangu!" usikimbilie kumpiga

Miaka miwili. Kila kitu ni yangu, kikombe yangu, kiti yangu, ata mama yangu. Watu wanasema ni uchoyo, lakini mtu hawezi kukugawia kitu ambacho hajajua kwanza kuwa ni chake. "Yangu" ni mstari wa mpaka anaouchora, mimi naishia hapa na wewe unaanzia pale. Mimi nafanya hivi: kila mtoto ana kikombe chake chenye alama ya rangi, hicho hakiguswi na mwingine ata kidogo, alafu kuna vitu vya wote, mpira, gari la makopo, wanasesere wa maganda ya migomba, hivyo ni kwa zamu. Wakigombana nasema "Baluku anakitumia, akimaliza ni wewe", na nahakikisha kweli akimaliza anapewa, maana ukimdanganya mara mbili zamu haina maana tena kwake.

Na wakati huo huo mtoto huyu "mchoyo" angalia akiona umeangusha kibanio cha nguo na mikono yako imejaa, atakuja akuokotee bila kuambiwa. Vyote viwili ni yeye.

Hatua ya 6: Mambo ya moyoni yaseme kwa mdomo

Hapa naomba mkae kidogo, kwangu hii ndio hatua inayobeba nyingine zote. Miguu ya mwenzake mtoto anaiona, njaa ya mwenzake haioni. Hasira haioni. Kufikiri hakuoni kabisa. Atajuaje kwamba viko, kama hakuna anayevitaja? Sisi tunaongea na watoto amri nyingi sana, njoo, kaa, acha, kula, lala. Hesabu siku moja uone. Amri haimwambii chochote kuhusu ndani ya mtu.

Badilisha kidogo tu. Badala ya "acha kulia", sema "umekasirika kwa sababu Masika amechukua kijiko". Badala ya "omba msamaha" (atasema tu samahani kama kasuku), sema "tazama uso wa Bwambale, unaonaje? Alikuwa anajenga nyumba, imeanguka, ameumia moyo." Ukikosea wewe sema "nilidhani umelala, kumbe uko macho". Hilo neno kudhani ni zuri sana, Kiswahili kimetupa neno moja linalobeba habari yote kwamba kichwani kulikuwa na hivi na kweli ilikuwa vile. Litumie kila siku. Nilidhani, ulidhani, jajja alidhani. Na "kumbe" ndio ndugu yake.

Lugha gani? Yoyote unayoongea kwa moyo wote. Hapa kwangu mtoto anasikia Lukonzo kwa bibi, Kiswahili kwangu na sokoni, Kizungu shule, na hachanganyikiwi kama watu wanavyoogopa.

Kuna kamchezo ka chakula mnaweza kukajaribu, watafiti Betty Repacholi na Alison Gopnik walikafanya na biskuti na mboga ya broccoli wakachapisha 1997. Weka sahani mbili, moja mandazi, moja ntula (nyanya chungu) mbichi. Onja mandazi ukunje uso "aaah mbaya!", onja ntula ufurahi "mmm tamu!", alafu nyoosha mkono umwambie "nipe kidogo". Mtoto wa miezi 14 atakupa anachopenda yeye, mandazi. Kwao, wa miezi 18 wengi walimpa mtu kile alichoonyesha anakipenda, ata kama wao wenyewe hawawezi kukila. Mimi nilipopewa ntula na mtoto wa miezi 19, huku ananitazama kwa huruma kabisa, machozi yalinilengalenga.

Hatua ya 7: Mkebe wa Blue Band

Huu ni wa miaka mitatu kwenda juu. Weka maharage kwenye mkebe, ufunge. Muite mtoto peke yake, uliza "humu mna nini?" Atasema Blue Band. Fungua, aone maharage. Funga. Sasa uliza maswali mawili, taratibu:

"Kaka yako hajaona ndani. Akija nikamuuliza humu mna nini, atasema nini?"
"Na wewe, kabla sijafungua, ulisema mna nini?"

Bwambale wangu alikuwa na miaka mitatu na miezi miwili. Kaka yake yuko nje anachota maji, hajaona chochote. Nikamuuliza atasema nini, akajibu haraka "maharage!" Na wewe mwanzo ulisema? "Maharage." Hakuwa anatania, uso umetulia kabisa. Kwake kitu kikishajulikana kimejulikana na kila mtu, na yeye mwenyewe alikuwa anakijua tangu zamani. Ndio maana katika umri huo anakujibu kwa kutikisa kichwa akiwa kwenye simu, anadhani unamuona.

Nikaacha. Sikumsahihisha, haina faida, ni kama kuuvuta mmea wa mahindi jani ili ukue. Nikaendelea na kudhani na kumbe za kila siku. Kila baada ya miezi miwili narudia na kitu kingine, kibiriti chenye vifungo vya shati, chupa ya soda yenye maji, maana ule mkebe ameshaujua. Alipokaribia miaka minne na nusu niliuliza tena, akanyamaza. Akatazama mlango. Akashika mdomo kwa mikono yote miwili, alafu akasema polepole "yeye atasema soda", na kabla sijaongea kitu akachukua hiyo chupa akaipeleka mezani kwenye sahani ya kaka yake, akakaa kusubiri.

Wengi wanafika hapo kati ya miaka minne na mitano, wengine mapema, wengine baadaye. Heinz Wimmer na Josef Perner ndio waliandika la kwanza la aina hii mwaka 1983, la mtoto aliyeacha chokoleti kabatini mama akaihamisha. Mwaka 1991 yakatoka matokeo ya watoto wa kabila la Baka kule misituni Kamerun, wao walitumia kokwa za maembe zilizohamishwa kutoka chombo kimoja kwenda kingine mwenyewe akiwa hayupo, na wengi wa wale wakubwa wakubwa, karibu miaka mitano, walijua kwamba mwenye kokwa ataenda kutafuta pale alipoziacha. Msituni au mjini, njia ni ile ile.

Hatua ya 8: Uongo wa kwanza

Hapa nina deni na mtoto wangu wa kwanza. Alikuwa na miaka mitatu na kitu, mdomo umejaa sukari, nikamuuliza nani amekula sukari akasema paka. Nilimchapa, na kwa wiki nzima nikamuita muongo mbele ya watu, na yeye akaanza kujitambulisha hivyo hivyo, "mimi muongo". Bado inaniuma. Sikujua kwamba kusema uongo, ata ule mbaya mbaya wa sukari mdomoni, maana yake ameanza kuona kwamba kichwani mwangu kunaweza kukaa kitu tofauti na cha kwake. Ni dalili ya akili kukua.

Hiyo haimaanishi umuache. Usimuwekee mtego wa "nani amekula?" wakati unajua. Sema "naona sukari mdomoni. Ulitamani. Sukari tunaomba." Mpe kitambaa afute meza. Kitendo kiite kibaya, mtoto usimuite kibaya.

Hatua ya 9: Waache wacheze

Mama na baba, kupika udongo, duka la majani, kondakta wa taksi. Mtoto akiwa "dokta" dakika kumi anaazima macho ya mtu mwingine. Kazi yako ni kutoingilia, na akikuita uwe mgonjwa, uwe mgonjwa kweli. Wakubwa kwa wadogo wachanganye, mdogo anajifunza mengi kwa kubishana na dada yake kuliko kwa kukaa peke yake na katuni.

Lini utafute msaada

Kila mtoto na mwendo wake, lakini kama amefika mwaka mmoja haitikii jina lake, au amefika mwaka na nusu haonyeshi kitu kwa kidole, au alikuwa na maneno yakapotea, usingoje na usimsikilize anayekuambia ni majini au ni jicho baya. Ongea na VHT (mhudumu wa afya wa kujitolea) wa kijiji chako, mwende kituo cha afya, na omba kwanza masikio yapimwe.

Masikio nayasisitiza kwa sababu mtoto asiyesikia, akizaliwa kwa wazazi wanaosikia ambao hawajui ishara, mara nyingi anachelewa hata miaka kuelewa mawazo ya wengine, wakati watoto viziwi waliozaliwa kwa wazazi wanaotumia ishara wanaenda sawa na wengine. Akili wanayo, walichokosa ni mazungumzo. Katiba yetu ya 1995 inataja lugha ya ishara, kwa hiyo usikubali mtu akuambie ni mchezo wa mikono. Mtoto mmoja niliyemlea alikuwa hivyo, tulimdhania mkaidi mpaka alipopimwa. Mama yake akaanza kujifunza ishara kwa mtu mzima kiziwi wa mtaani kwao, kwanza jina la mtoto, alafu chakula na maji, na nilipomuomba aongeze na za moyoni, akaongeza hasira, hofu, furaha, kudhani. Sa hizi jioni akija kumchukua wanakaa kwenye ngazi, mtoto anamuonyesha nani leo alilia, na mama anamuuliza kwa mikono alilia kwa nini.